Mtu Aliyenikamulisha Zebaki

Taja habari za meno mbele ya watu wa rika langu, kuanzia Ukunda mpaka ushuke Msambweni, na utatajiwa mtu mmoja tu. Wote walimwita Daktari. Kwa vyeti hakuwa daktari. Alikuwa ofisa wa meno wa zahanati yetu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likakaribia kusimama lenyewe. Lakini mtu aliyekutoa kwenye siku tatu za maumivu ya gego, ukarudi kwako unacheka na watoto, utamwita nini?

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja, siku tano za juma pale zahanati na Jumamosi kwenye chumba chake cha Diani. Kwao ni wapi na ukoo wake ni upi, sitaingia huko. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Ninachotaka kueleza ni namna alivyokuwa, kwa sababu kila nikimkumbuka roho hunichafuka, na mimi aliyenichafua roho simnyamazii.

Shida yangu niiseme mapema. Siku hizi kazi yangu ni kupamba maharusi kwa hina na piko, ile rangi nyeusi. Mwaka juzi mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Ua linaanza vizuri kifundoni, likikaribia vidole linapinda. Bibi harusi mmoja wa Tiwi aliutazama mkono wake, na mama yake ndiye aliyesema, "Mishi mwanangu, hapa amepita kuku?" Nilitamani ardhi inimeze. Piko si chaki, ukikosea umekosea, na yule msichana aliolewa na makosa yangu mkononi.

Nikaenda Mombasa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alinipima, akaniuliza kazi zote nilizowahi kufanya, na nilipofika kwenye zebaki ya kuzibia meno aliacha kuandika akaniangalia. "Mkojo wako ni safi, mama," aliniambia, "lakini umeiacha kazi hiyo miaka mingi, kwa hiyo mkojo hautuambii kitu. Siwezi kusema ni zebaki, na siwezi kusema siyo. Niletee karatasi ya aliyekuwa mkubwa wako. Aeleze uliishika vipi, kwa muda gani, na kama ulivaa glavu. Nikiwa nayo nitajua pa kuanzia." Karatasi moja tu. Ndiyo niliyokuwa nikiitafuta kwa Daktari, na kuitafuta huko ndiko kulikonifanya nimfikirie upya mwanzo hadi mwisho.

Kazi yenyewe niliipata kwa ajili ya nazi. Kulikuwa na harusi hapo Msambweni, nasi wanawake tulikuwa uani tunakamua tui la wali. Daktari alikuwa mgeni wa mbele, lakini akapita uani mikono nyuma, kama anakagua. Akasimama kwangu. Akachukua machicha ya nazi niliyokwisha kuyatupa kwenye ungo, akayafinya kwa nguvu zake zote. Hayakutoa hata tone.

"Binti, nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

"Jumatatu njoo zahanati. Nina kazi ya mikono kama hii."

Wenzangu walicheka wakidhani ananitafutia uchumba. Mimi nilienda. Akanionyesha kinu kidogo cha kioo na mchi wake, chupa ya unga wa fedha na chupa ya zebaki. Ile chupa ya zebaki ilikuwa ndogo kama ya manukato, ukiinyanyua inakushangaza kwa uzito. Unatia unga, unadondosha zebaki, unasaga mpaka vinakuwa kitu kimoja kinachong'aa. Kisha unamimina kwenye kitambaa cha bendeji, unasokota, unakamua. Zebaki iliyozidi inatoka kwenye matundu ya kitambaa, tone baada ya tone, inakimbilia kwenye kisahani. Kinachobaki ndani unakiweka kiganjani na kukikanda kwa dole gumba mpaka kilainike, halafu unampelekea Daktari akizibie jino.

Siku ya kwanza nilimwuliza kuhusu glavu. Zilikuwemo kabatini, boksi zima.

"Glavu zinaua mkono," alinijibu. "Mkono mtupu ndio unaohisi. Bibi yako alikamua tui na glavu?"

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Alikuwa fundi, hilo simnyimi. Nikimpelekea donge kiganjani, alilichukua kwa vidole viwili, akalifinya karibu na sikio lake, macho kayafumba. Donge lililosagwa vizuri hutoa mlio mdogo likifinywa, kama theluthi ya mlio wa kifaranga. "Linalia," angesema, na uso ukamkunjuka. Lisipolia alinirudishia nianze upya, hata kama mgonjwa amekwisha kufunua kinywa. Nimemwona akimrudisha mtoto wa diwani foleni kwa sababu mkulima wa Shimba Hills alitangulia. Nimemwona akimpa chakula chake cha mchana mwanamke aliyetoka Taru kwa lori la mbuzi, mtoto wake shavu limevimba kama andazi, hawajala tangu alfajiri. Alimtibu yule mtoto kwa upole ambao baba wengi hawana.

Kisha, ili mtoto anyamaze, akadondosha tone la zebaki kwenye kiganja chake mwenyewe na kulibiringisha mbele ya macho yake. Tone likagawanyika yakawa manne, yakakimbizana, yakaungana tena. Mtoto akasahau shavu. Daktari akamtilia tone hilo mkononi acheze nalo. Naona bado vile vidole vidogo vikifunga na kufungua. Walipoondoka nilipiga magoti sakafuni kuokota vichembe vilivyoanguka, kwa kipande cha karatasi, na vingine vilijificha kwenye nyufa za saruji nikaviacha humo humo.

Maneno yake yalikuwa machache na yote yalifanana. Kubwa lao lilikuwa "imeshafungwa". Mgonjwa akiogopa, Daktari alimwekea mkono begani. "Zebaki peke yake ina ukali, sikatai. Lakini hapa imeolewa na fedha, imeshafungwa, haitoki." Alilisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kila herufi mahali pake, na harufu ya karafuu aliyokuwa akiitafuna kutwa. Mgonjwa akatulia. Hata mimi nilikuwa nikitulia.

Maswali ya watu wetu aliyajua yote. Mmoja aliuliza kama twahara ya josho la janaba inatimia ikiwa maji hayafiki kwenye tundu la jino lililozibwa. Mzee wa Gazi yeye alikuja na jino lililozibwa zamani, haliumi wala halitikisiki, akitaka ang'olewe. "Daktari, mimi siku zangu ni chache. Sitaki kuzikwa na madini mdomoni. Nikiulizwa nimeyatoa wapi nitajibu nini?" Wengine kwenye benchi walicheka. Daktari hakucheka. Alikaa chini akazungumza na yule mzee taratibu, akamtuma kwa imamu wake aulize, na mzee akarudi baada ya juma moja uso mkunjufu, jino lake likiwa salama. Ndiyo maana nasema kumchukia mtu huyu kunataka jitihada. Kila ukikaribia kumaliza unakumbuka jambo kama hilo.

Basi na tuje kwenye pete yangu. Nilipoolewa, mume wangu alinivalisha pete ya dhahabu nyembamba, ndiyo aliyoimudu. Sikuwa na mazoea ya kuvua. Siku ya tatu baada ya fungate nilirudi kazini, nikakamua, nikakanda, na nilipokwenda kunawa niliona pete imekuwa nyeupe. Nilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Nyeupe tupu, kama ya bati. Mume wangu aliiona wakati wa chakula, na kesho yake dada zake wakaja kuniuliza kwa adabu kama nimeiuza ile ya dhahabu nikanunua hii. Nilikaa mwezi mzima nikitazamwa kama mwizi kwenye nyumba yangu.

Nilimpelekea Daktari pete ile. Akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. "Zebaki inapenda dhahabu. Ungevua."

"Kama imeingia kwenye dhahabu, Daktari, kwenye vidole vyangu haiingii?"

"Dhahabu ni dhahabu, Mishi. Mtu ni mtu."

Akanirudishia pete na kumwita mgonjwa aliyefuata. Nimelitafuna jibu lile miaka mingi, na mpaka leo sijaona ndani yake kitu kinachofanana na sababu. Lakini lilisemwa vizuri, na jambo likisemwa vizuri na mtu mwenye koti jeupe, sisi tunaondoka tumeshiba.

Wajawazito hakuwazibia kwa fedha. Hilo alilishika kama sheria, na alilishika kabla ya watu wengi kulisikia. "Rudi ukishajifungua, mama. Kwa sasa nitakuwekea dawa ya muda." Walimshukuru, wakasema ana huruma. Na nyuma yao, kwenye meza ya pembeni, nilikuwa nimesimama mimi na mimba ya miezi saba, tumbo linagusa ukingo wa meza, nakamua. Siku moja nikathubutu.

"Daktari, hawa unawarudisha. Na mimi je?"

"Wewe huweki mdomoni, Mishi."

Binti yangu alizaliwa salama, alhamdulillahi, ana akili na mdomo mrefu kama wangu. Sisemi alidhurika. Nasema yule mtu alilijua jambo la kuhofiwa kwa mjamzito mgeni, na aliponigeukia mimi akalisahau kwa makusudi. Hapo ndipo kinyaa changu kilipoanza, ingawa wakati huo sikujua kukiita kwa jina lake. Nilidhani ni kichefuchefu cha mimba.

Kuhusu usafi, alikuwa na kinyaa kikubwa cha uchafu wa wengine. Mgonjwa mwenye mabaki ya chakula mdomoni alitumwa nje na mswaki, awe mzee awe mwalimu mkuu. Vitambaa vya meza vilibadilishwa mara mbili kwa siku. Lakini zebaki iliyozidi, ile ya kisahani, aliitia kwenye mfuko wa koti ndani ya kichupa kisichofunga vizuri, na vumbi la meno aliyoyatoboa lilikwenda kwenye sinki, na bomba la sinki liliishia nyuma ya nyumba kwenye migomba. Ndizi za migomba ile zilikuwa nene. Tulizila sote.

Chumba cha Diani kilikuwa dunia nyingine. Kilikuwa na feni, kochi, na picha ya meno yanayocheka. Walikuja wafanyakazi wakubwa wa mahoteli, wageni waliojenga huku, matajiri wa kutoka bara waliokuja kupumzika. Mwanzoni alizibia hata hao kwa fedha. Halafu simu zikaanza kuleta maneno. Video za watu wakisema wana sumu mdomoni, jino moja likionyeshwa likitoa moshi kwenye giza. Wateja wakaja wameshikilia simu mbele yao.

Nakumbuka meneja mmoja mwanamke, mcheshi, mtu wa Nairobi. "Daktari, nimesoma hizi silver ni poison kabisa. Niko nazo nne. Si unitolee zote, tu-replace na nyeupe?"

Nikasubiri. Jana yake tu, Ijumaa asubuhi pale zahanati, mwalimu wa madrasa alikuwa ameuliza swali lile lile kwa maneno mengine, na Daktari akamshika bega akamwambia imeshafungwa. Sasa alivua miwani, akashusha pumzi, akasema kwa huzuni, "Mama, ungechelewa zaidi ningeogopa."

Hapo kile kinyaa kilirudi. Si kwa sababu alikosea. Mjadala wenyewe naufahamu. Nimeusikiliza kwa watu wenye elimu kuliko mimi. Wengi wao wanasema jino lililozibwa kwa fedha halimdhuru mtu mzima wa kawaida, na kulichokonoa ndiko kunakofukuza mvuke. Wengine wanasema mvuke hutoka kidogo kidogo kila unapotafuna, na kwamba kitu kinachoogopwa kwa mjamzito na mtoto kisiwekwe kwa yeyote. Nchi nyingi sasa zinaiacha, na hata huku kwetu tunaambiwa itaondoka. Mtu anaweza kusimama upande huu au ule kwa moyo safi. Yeye alisimama huku Ijumaa na kule Jumamosi, kwa uso ule ule na harufu ile ile ya karafuu.

Na yale manne aliyomtoa yule meneja, mawili Daktari mwenyewe ndiye aliyemzibia. Nilikuwa nimeyakamua mimi.

Siku ya kutoa fedha mdomoni alivaa barakoa nene yenye vichujio viwili, na miwani ya kuziba pembeni. Mteja alifunikwa mpira mdomoni na kupewa hewa ya puani. Kekee ya kutobolea meno ikaanza kulia, vumbi la kijivu likapanda. Mimi niliyeshika bomba la kunyonya mate nilikuwa na ncha ya leso yangu niliyoiuma kwa meno ili izibe pua. Alinitazama nikiwa hivyo. Najua alinitazama, kwa sababu alinionyesha kwa kidole nisogeze bomba kushoto.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Daktari, Ijumaa ulisema imefungwa."

Hakukasirika. Kukasirika angalau kungekuwa na heshima. "Kila mgonjwa ana dawa yake, Mishi. Wa zahanati, dawa yake ni kuondolewa hofu. Wa Diani, dawa yake ni kuondolewa fedha."

Alilipenda neno lile. Nilimsikia akilirudia kwa wageni wake, akijifanya ni la mtu mwingine.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka siku hiyo. Nilikuwa na mtoto na mume asiye na kazi ya kudumu, na nilikuwa na kiburi. Ndiyo, kiburi. Nikipita sokoni niliitwa Mishi wa Daktari. Majirani waliniuliza kuhusu zebaki nami nikawajibu, imeshafungwa, na nikawashika bega vile vile. Kwa hiyo kinyaa hiki sikimwagi kwake chote. Kiasi nimejibakizia.

Sikuacha, niliachwa. Ilikuja mashine inayotikisa vidonge vilivyopimwa tayari, fedha upande huu na zebaki upande ule, mkono wa mtu hauhitajiki. Daktari alinishukuru mbele ya wafanyakazi wote kwa hotuba iliyowatoa machozi. Alisema hajapata kuona mikono kama yangu. Nami nililia kwa furaha, mjinga mimi, nikaenda zangu kujifunza piko.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Amestaafu, anakaa Ukunda, unapita Kona ya Musa unaingia ndani kidogo mpaka kelele zinapungua. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mkewe, mwanamke mrefu mpole ambaye miaka yote ile tulisalimiana tu mlangoni, alinikaribisha akanikalisha sebuleni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mishi. Mikono ya nazi hiyo. Karibu, karibu."

Alikuwa amekaa mikono ndani ya mifuko ya kanzu. Mkewe akaleta chai ya tangawizi, yangu kwenye kikombe, yake kwenye bilauri yenye mrija. Akamwekea karibu na kidevu, akarudi jikoni. Daktari aliinama akanyonya bila kutoa mikono. Nikamtazama. Akaniona nikimtazama.

Nikasema shida yangu. Nikamweleza maneno ya daktari wa Mombasa, neno kwa neno, na nikaunyoosha mkono wangu auone. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni umri, Mishi. Wasiwasi pia hutetemesha."

"Basi andika tu nilichokifanya. Sikuambii uandike kilichonipata."

Kisha akajongea mbele na kushusha sauti ili mkewe asisikie. "Huyo daktari. Anasema kuna dawa?"

"Hajasema. Anataka karatasi kwanza."

"Ukienda muulize. Muulize kama kwako wewe, usinitaje. Sema mtetemeko ulianza kwenye vidole, sasa umefika kwenye kidevu. Sema na usahaulifu. Muulize kama kuna dawa."

Na ndipo akautoa mkono mfukoni. Uliruka juu ya paja lake kama samaki aliyetupwa mchangani. Alijaribu kuushika kwa mwenzake, na mwenzake ukawa unaruka pia.

Nilipaswa kumhurumia. Nilimhurumia, lakini huruma ilikuja nyuma, baada ya kinyaa kupita. Mtu huyu alikuwa tayari nibebe ugonjwa wake mdomoni mwangu mpaka Mombasa, niulizie dawa yake kwa jina langu, na bado alikuwa akitafuta njia ya kuninyima karatasi.

"Andika, Daktari."

"Siwezi kuandika. Unaona mwenyewe."

"Basi sema. Nitaandika mimi."

Nilitoa karatasi na kalamu niliyokuja nayo, nikaweka juu ya meza. Kisha akaanza kusema, na kitu kilichonitia baridi ni kwamba hakusita hata mara moja. Alitaja mwaka nilioanza na mwezi niliomaliza. Alitaja madonge mangapi kwa siku ya kawaida na mangapi siku za kliniki ya shule. Alitaja kinu, kitambaa, kiganja, dole gumba. Alitaja kwamba chumba kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka. Alitaja glavu zilizokuwemo kabatini. Alitaja mimba, na miezi yake. Mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, yeye alikuwa ameyaweka yote, yamepangwa vizuri, kila kitu mahali pake. Alijua siku zote. Nilikuwa nikiandika huku mkono unaniruka, mistari inapanda na kushuka, na yeye ananisubiri nimalize kila neno kama mwalimu wa imla.

Tulipofika chini alisema, "Sahihi hunisaidia mke wangu." Akamwita.

Mkewe alikuja akifuta mikono kwa leso. Inaonekana walikuwa wamezoea. Alisimama nyuma ya kiti, akamtia kalamu kwenye vidole, akamshika kifundo kwa mkono wake wa kulia ili utulie. Kisha akavaa miwani kwa mkono wa kushoto.

"Nisome kwanza tunachokitia sahihi."

"Hakuna haja, mama," alisema Daktari.

Alisoma. Alisoma kwa sauti, polepole, kwa sababu mwandiko wangu haukuwa rahisi. Alisoma zebaki, alisoma mikono mitupu, alisoma bila glavu. Alisoma mimba ya miezi saba akaniangalia, akarudi kwenye karatasi. Alipofika mwisho alisema, "Zebaki ni vile vitone vilivyokuwa vikitoka kwenye mifuko ya makoti yako?"

Daktari aliikazia macho karatasi.

"Makoti yako niliyafua mimi. Matano kwa juma. Miaka yote, kwa mikono, kwenye beseni lile lile nililowaogeshea watoto. Ulinikuta nikivifukuza vile vitone sakafuni na fagio ukacheka."

"Nishike mkono, mama, tumalize."

Akamwachia.

Hakumwachia kwa nguvu wala kwa ghadhabu. Alifungua vidole tu, akarudi nyuma hatua moja. Mkono wa Daktari ulikuwa tayari umeigusa karatasi. Kalamu ikaanza kwenda peke yake, ikapanda, ikashuka, ikavuka jina lake lote na kuteremka hadi ukingoni, ikaangukia mezani. Hakuna aliyeiokota.

Nilikunja karatasi ile nikaondoka. Jumatano nilikuwa Mombasa. Daktari wa mishipa aliisoma mara mbili, kisha akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mama, maelezo haya ni mazuri sana. Lakini sahihi yake iko wapi?"

Nikauwekea kidole ule mstari, na kidole changu nacho hakikutulia.

"Ndiyo hiyo."

Aliutazama, akaufuata kwa macho kutoka juu hadi ukingoni, akavua miwani. "Huyu naye aje," alisema, akavuta daftari lake la miadi.

Nikamwambia aandike na mke wa Daktari, aliyefua makoti yale.